Begi la kilo 7, safari ya nchi nne: vifaa gani vibaki nyumbani?

Msomaji wetu wa Tanga, mwalimu wa sekondari, ameuliza:

"Desemba hii nina safari ya siku 17. Natoka Tanga kwa basi hadi Mombasa, napanda treni ya SGR hadi Nairobi, halafu basi la usiku hadi Kampala kwenye harusi ya mdogo wangu. Harusi ikiisha naenda Kigali kumwona rafiki, na kutoka huko narudi Dar es Salaam kwa ndege. Nimeapa kubeba begi moja tu la mgongoni, na tiketi ya ndege inaniruhusu kilo 7 za mkononi. Kinachonitesa ni vifaa. Nina laptopu ya inchi 15, kishikwambi nilichopewa kazini, simu janja, simu ya kitochi, kamera yenye lenzi mbili, pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000, spika ya bluetooth, hedfoni kubwa, ekstensheni na pasi ndogo ya nguo. Halafu nina ripoti ya idara ambayo lazima niikabidhi shule zikifunguliwa Januari. Nibebe nini, niache nini?"

Mwalimu, kabla ya kukujibu niliutoa mzani. Vifaa vyako sinavyo, lakini hapa kwenye karakana yangu havikosekani vya aina hiyo hiyo, nikavipanga kimoja kimoja. Laptopu kilo 2 na gramu 100. Chaja yake, ile yenye tofali katikati ya waya, gramu 400. Kamera na lenzi mbili na chaja yake kilo 1.4. Kishikwambi na kava lake gramu 600, spika 550, hedfoni 250, pasi 900, ekstensheni 400, pawabenki 400, simu zote mbili pamoja hazifiki gramu 300. Jumla ni kilo 7 na robo. Yaani umeshapitisha kiwango cha ndege na hujaweka kanga, mswaki wala nguo ya harusi. Na begi lenyewe likiwa tupu linakula karibu kilo moja.

Jibu langu kwa ufupi, kama una haraka: beba simu janja, kitochi, pawabenki ya 10,000 iliyo ya kweli, kichwa kimoja cha chaja chenye matundu mawili, waya mbili, eafoni za waya, fleshi ya taipu C na adapta ya soketi za Kigali. Vyote hivyo havifiki gramu 700. Kamera tutaizungumza. Laptopu pia, kwa sababu ya hiyo ripoti. Vingine vibaki.

Sasa nikueleze kwa nini, maana najua pasi itakuuma.

Kifaa hakisafiri peke yake, kina wategemezi. Laptopu inakuja na chaja, chaja inataka soketi, soketi ya gesti iko moja na tayari ina televisheni, kwa hiyo unabeba ekstensheni. Halafu inakuja na hofu: basi likisimama watu wachimbe dawa, wewe unabaki kitini umelikumbatia begi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutengeneza vifaa na kuvifungashia timu za utafiti zinazokwenda vijijini, na nimejifunza kuuliza maswali mawili tu. La kwanza watu wote wanalijua: hiki kinafanya nini ambacho simu haiwezi? La pili ndilo wanalolisahau: kikipotea Nakuru saa nane usiku, safari inasimama?

Pitisha swali la pili kwenye orodha yako uone. Spika ikipotea, hakuna kinachosimama. Laptopu ikipotea, utalia, lakini utafika Kampala. Simu janja ikipotea ndipo mambo yanapoharibika: hela zimo humo, tiketi ya ndege imo humo, ramani, namba ya shemeji atakayekupokea, na barua pepe ambayo huwezi kuifungua kwa sababu namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyoibiwa. Kwa hiyo uzito wote unaouokoa kwa kuacha vitu, tumia sehemu yake ndogo kuilinda simu. Hapo ndipo begi jepesi linapofaulu au kufeli.

Ndiyo maana kitochi, ambacho najua ulishakiweka upande wa kuachwa, kwangu ni cha mwisho kuachwa. Weka laini yako ya nyumbani ndani ya kitochi, ile yenye hela na inayopokea meseji za benki. Kitochi cha kawaida hakina intaneti ya maana, hivyo hakiwezi kukumalizia salio kimyakimya ukiwa nje ya nchi. Simu janja ikiwa na laini ya nyumbani na data imeachwa wazi, programu zinajisasisha zenyewe hapo Lunga Lunga unapopanga foleni ya uhamiaji, na ukifika Mombasa salio ni shilingi sifuri. Chaji ya kitochi hukaa siku kadhaa. Kiweke chini kabisa ya begi, ndani ya nguo, kikiwa kimewashwa na kimenyamazishwa. Kabla hujavuka Horohoro piga huduma kwa wateja uhakikishe laini inapokea meseji ukiwa Kenya, Uganda na Rwanda. Usisubiri kugundua hilo ukiwa kaunta ya hoteli.

Laini za wenyeji utaziweka kwenye simu janja. Utasajili kwa pasipoti, na utasajili kwa wakala mwenye duka, si kwa kijana anayetembea na laini "zilizokwisha sajiliwa" pale mpakani. Laini hiyo ni ya mtu mwingine na siku akiitaka anaichukua. Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi, utaokoa usumbufu. Kujua, bonyeza *#06#. Ukiona kati ya namba zitakazotokea kuna moja ndefu iliyoandikwa EID, inakubali. Na hapa nitoe tahadhari kwa wale ambao ndugu zao wa Marekani wamewatumia iPhone: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la kadi ya laini. Nimeletewa zaidi ya moja karakana nitafute "tundu lililoziba". Halijaziba, halipo. Mwenye simu hiyo asisafiri kabla hajajua atapata wapi eSIM katika kila nchi.

Ukiwa umebonyeza *#06# hivyo, nakili pia namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi. Karatasi, Mwalimu, si kwenye simu hiyo hiyo. Karatasi hiyo hiyo iandike namba tatu za watu ambao hujawahi kuzikariri, na namba za akiba za barua pepe. Google hukupa 10 ukiziomba kwenye mipangilio ya usalama, kila moja hutumika mara moja, na zinakufungulia akaunti hata laini ikiwa imekwenda na mwizi. Ikunje ndani ya pasipoti. Uzito wake gramu tano, na katika begi lote hilo sijui kitu kingine chenye faida kubwa kuliko hicho kwa uzito wake.

Jambo jingine dogo: WhatsApp itakuuliza kama unataka kubadilisha namba ukiweka laini ya Kenya. Kataa. Itaendelea kufanya kazi kwa namba yako ya Tanzania. Na laini usiibadilishe ndani ya basi linalotembea. Kadi ndogo ya laini ikidondoka kwenye reli ya kiti, utaikuta siku basi likienda gereji. Fanya kazi hiyo mezani, mchana, kwa hereni ya kipini, maana ile pini ya kutolea laini hakuna mtu aliyewahi kuipata anapoihitaji.

Sasa tuje kwenye pawabenki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo itakayokuletea matatizo uwanja wa ndege.

Sheria za ndege hazipimi pawabenki kwa zile namba za elfu elfu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Zinapima kwa wati-saa, Wh. Hesabu yake ni nyepesi: chukua hiyo namba ya elfu elfu, ya mAh yaani miliampea-saa, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000 ni Wh 37. Ya 20,000 ni 74. Kikomo cha kupita bila kuomba ruhusa ni 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 hairuhusiwi, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Yako ya 50,000 ni Wh 185. Imekwisha.

"Lakini fundi," najua utasema, "mbona ni ndogo tu?" Ndiyo, na huo ndio utamu wa hadithi yenyewe. Ndani ya pawabenki nyingi za bei nafuu kuna seli za mviringo zinazofanana na betri za tochi ila ni nene kidogo. Seli moja nzuri hubeba kama mAh 3,000 na uzito wake ni kama gramu 47. Ili ufikishe 50,000 unahitaji seli kama 17, na seli peke yake zitakuwa na gramu 800 kabla ya kava na waya. Ipeleke yako kwa muuza mchele aiweke kwenye mzani. Ikisoma gramu 400 au chini, basi namba iliyoandikwa juu ni sadaka ya mchoraji. Mwaka mmoja nilifungua ya namna hiyo mbele ya mwenyewe, aliyekuwa analalamika kwamba haijazi simu hata mara mbili. Tulikuta seli tatu, na pembeni kipande cha chuma kimegundishwa kwa gundi nyeupe ili mkono uhisi uzito. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama chuma kile kinauzika.

Kwa hiyo unaweza kudhani utajitetea uwanjani: jamani, hii si 50,000 kweli, ni 9,000 tu. Haitasaidia. Mkaguzi hapimi kilichomo ndani, anasoma lebo. Mimi mwenyewe ilinikuta kinyume chake. Nilikuwa na pawabenki nzuri, ya kweli, ya 20,000, lakini maandishi yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na funguo mfukoni. Mkaguzi aliigeuza huku na huku, akaimulika kwa tochi ya simu yake, akaikuna kwa kucha kama anatafuta maandishi ya chini, akaiweka kwenye beseni la vitu vilivyokamatwa. Nilikuwa na risiti nyumbani. Risiti iliyo nyumbani haisafiri. Tangu siku hiyo lebo zote nazibandikia selotepu inayoonekana ndani.

Na ukali umeongezeka. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini; watu wote walitolewa, na wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Baada ya hapo mashirika kadhaa yalibana. Emirates, kwa mfano, kuanzia Oktoba 2025 inaruhusu moja tu isiyofika Wh 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Shirika lako linaweza kuwa na masharti yake, soma kwenye tiketi. Lakini kanuni moja ni ya wote: pawabenki hukaa nawe, haiendi kwenye mzigo wa chini. Ndege ikijaa na mhudumu akaomba begi lako mlangoni lishuke chini, toa kwanza pawabenki uishike mkononi. Watu hulisahau hilo kwa sababu walipaki vizuri asubuhi.

Nunua ya 10,000, yenye Wh iliyoandikwa juu yake kabisa. Itakutosha? Hebu tuhesabu. Simu ya betri ya 5,000 huhifadhi kama Wh 19. Pawabenki ina 37, ila sehemu hupotea kwa joto wakati umeme unapandishwa volti, kwa hiyo tegemea kuijaza simu mara moja na nusu. Usiku wa Nairobi hadi Kampala ndio mrefu kuliko yote kwenye safari yako, na mara moja na nusu ni zaidi ya usiku mmoja. Kwingine kote unalala penye umeme. Ya 20,000 ningempa anayekwenda wiki nzima porini. Wewe unakwenda harusini.

Usitegemee sana tundu la USB la kwenye basi. Likiwa zima, mengi hutoa nusu ampea tu, na simu iliyowashwa ramani na kioo king'aavu inakula karibu yote hayo. Unafika asubuhi na asilimia zile zile ulizoondoka nazo, na simu ya moto. Ukiunganisha, zima data na ulale.

Chaja: tupa wazo la kila kifaa na chaja yake. Nunua kichwa kimoja cha wati 30 chenye matundu mawili, moja la taipu C na moja la USB ya kawaida. Hivi vya kisasa vinavyoandikwa GaN vimetumia galiamu naitridi badala ya silikoni, vinapoteza umeme kidogo kwa joto, ndiyo maana vimekuwa vidogo kama kiberiti kinene. Waya beba mbili, na zisilingane urefu. Fupi ya sentimeta 30 ni ya pawabenki, ili simu na pawabenki vikae mfuko mmoja bila waya kuning'inia kwenye kiti cha jirani. Ndefu ya mita mbili ni ya gesti. Unazijua gesti zetu: soketi ipo juu karibu na dari, kwa ajili ya televisheni, kana kwamba mgeni analala kwenye feni. Kwa waya wa mita moja simu itabidi ining'inie hewani usiku kucha.

Kuhusu soketi zenyewe, Kenya na Uganda hutapata tabu. Tundu ni lile lile letu la pini tatu bapa, urithi wa Mwingereza. Hata mwenye chaja ya pini mbili anajua namna ya kuchokoa tundu la juu kwa mfuniko wa kalamu ya Bic ili yale mawili ya chini yafunguke, ingawa mimi kama fundi siwezi kukushauri hivyo kwa maandishi. Rwanda ni kinyume. Huko matundu ni mawili ya duara, na pini zetu bapa haziingii hata umwite nani. Nunua adapta ndogo kabla hujaondoka Tanga, gramu 40. Volti ni 230, sawa na kwetu, kwa hiyo hakuna haja ya transfoma. Unabadilisha umbo la pini tu.

Tuje kwenye ripoti, maana najua ndiyo inayokufanya uitazame laptopu kwa huruma. Ripoti ya idara ina sehemu mbili tofauti: maneno na majedwali. Maneno yanaandikika kwenye simu, tena ukiwa na kibodi ndogo ya kukunja ya bluetooth, gramu 200, unaandika kama umekaa ofisini. Majedwali ya alama hayaandikiki. Nimejaribu kupanga safu 14 za Excel kwenye kioo cha inchi 6 na nilichopata ni kipanda uso. Kwa hiyo maliza majedwali kabla hujaondoka, hata kama ni kwa kukesha siku mbili, ubaki na maneno ya kuandika. Kama huamini, fanya jaribio: wiki moja kabla ya safari ifungie laptopu kabatini, ufunguo mpe mtu, ufanye kazi siku tatu kwa simu. Siku ya tatu ukiwa hujaiomba, iache. Ukiwa umeiomba mara kumi, basi nenda nayo kwa moyo mweupe na uache kamera. Vyote viwili haviingii kwenye kilo 7, na mimi siwezi kuibadilisha hesabu hiyo.

Kishikwambi sitakizungumza sana. Kama ni miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, hicho ni kifaa cha kazi, si chako. Kikipotea Kampala, barua ya maelezo utaiandika kwa mkurugenzi, na hakuna picha ya harusi itakayokufariji. Kiache.

Kamera. Hapa nakubali kuwa si hesabu peke yake. Kama unapiga picha kwa sababu tu ni harusi, simu inatosha. Wapiga picha wa kulipwa watakuwepo, na wewe ni ndugu wa damu, saa nyingi utakuwa unapokea wageni na kutafuta viti. Lakini kama kamera ni kitu unachokipenda, ibebe na lenzi moja. Si ile ndefu ya kuvuta. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani inayofunguka sana kupokea mwanga, ni nyepesi, ya Canon ina gramu 160, na kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu itaishinda simu yoyote. Betri ya akiba ibebe mkononi kama pawabenki, na pini zake uzifunike kwa selotepu zisigusane na funguo. Chaja ya kamera iache kama kamera yako inachajiwa kwa waya wa taipu C. Angalia tundu lake kwanza kabla ya kunilaumu.

Picha ukishazipiga, kila usiku hamishia nakala kwenye fleshi ya taipu C, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye simu. Fleshi ikae kwenye begi na simu ikae mfukoni, visilale sehemu moja. Na ukiwatumia ndugu picha kwa WhatsApp, zitume kama faili, maana ukizituma kama picha hubanwa, na bibi harusi ataona nyuso zenye ukungu kwenye albamu.

Spika, hedfoni kubwa na pasi vinabaki. Nyumba ya harusi ina pasi, na mara nyingi ina pasi tatu na foleni moja. Eafoni za waya zinatosha, hazihitaji chaji, na kwenye basi la usiku ni za lazima: televisheni ya mbele itakuwa inapiga filamu kwa sauti ya juu saa tisa za usiku na dereva ndiye pekee anayeifurahia. Hakikisha tu simu yako ina tundu la eafoni. Kama haina, nunua za taipu C. Droni hukuitaja, na ninashukuru, maana Kenya ukiingia nayo bila kibali cha mamlaka ya anga itabaki kwa forodha.

Waya na vichwa vyako usivifunge kwenye mfuko wa plastiki. Rwanda walianza kupiga marufuku mwaka 2008, Kenya tangu Agosti 2017, na sisi tangu Juni 2019, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya njia yako mfuko huo unaweza kukusimamisha. Soksi safi ya mtoto inafaa kuliko pochi ya dukani, na hakuna mwizi anayefungua soksi. Iweke juu kabisa ya begi. Stesheni ya Miritini, kabla ya kupanda treni, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa ukaguzi hupita akinusa, kisha mashine, kisha mashine tena. Asiyejua vifaa vyake viko wapi huwachelewesha wote walio nyuma.

Jambo la mwisho ni la saa. Ukivuka mpaka kutoka Katuna upande wa Uganda kuingia Gatuna, kumbuka kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu janja itajirekebisha yenyewe ikishika mtandao wa kule. Kitochi huenda kisijirekebishe. Asubuhi ya safari ya kurudi utakuwa na simu mbili zenye saa mbili tofauti kitandani, na usingizi machoni. Tiketi ya ndege imeandikwa saa ya kuondoka ya Kigali na saa ya kufika ya Dar es Salaam, kwa hiyo kengele itege kwenye simu janja, na kitochi usikisikilize.